Chamonix, Zermatt au Davos? Mabonde matatu ya skii na historia zake

Mtu anayeishi Geneva, Brussels au Frankfurt akipata siku chache za mapumziko na hamu ya kuona jinsi kijiji cha wafugaji kilivyogeuka mji wa skii, majina matatu humjia haraka: Chamonix ya Ufaransa, na Zermatt na Davos za Uswisi. Kote kuna theluji, reli ya zamani na hoteli kongwe, na picha zake zinafanana kiasi cha kumchanganya mtu. Lakini mabonde haya hayakufika hapo kwa njia moja. Chamonix ilijengwa na waongoza wapanda mlima, Zermatt na mvutano kati ya mwenye hoteli na wanakijiji, Davos na wagonjwa wa kifua kikuu. Skii zilikuja mwisho kote, zikakuta vitanda vimeshatandikwa. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kukata tiketi ni hili: unataka kuona kazi ipi iliyotangulia skii?

Tunavyolinganisha

Tumepima mambo matano, yale yale kwa kila bonde: watu waliishije kabla ya wageni, nani alimleta mgeni wa kwanza wa kulipa, skii ziliingiaje, bonde limelipa gharama gani, na kipi kimebaki cha kuona, pamoja na namna ya kukifikia. Ubora wa miteremko yenyewe hatuugusi. Anayetaka kuteleza tu atafurahi popote kati ya hapa patatu.

Kabla ya wageni

Chamonix iko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mont Blanc, kando ya mto Arve. Katika karne ya 11 bonde lilikabidhiwa watawa Wabenedikti, ndiyo maana kijiji kiliitwa kwa muda mrefu Le Prieuré, yaani nyumba ya watawa. Watu walifuga, walilima nafaka za baridi, waliwinda swala wa milimani na kuchimba kristali kwenye miamba. Mito ya barafu, ile barafu nene inayoteremka polepole kutoka milimani, haikuwa kivutio kwao. Katika karne ya 17 barafu hiyo iliteremka hadi karibu na mashamba na nyumba, na mwaka 1644 askofu wa Geneva alipanda na waumini kwenda kuiombea irudi nyuma.

Zermatt, kama mita 1,600, iko mwisho kabisa wa bonde la Mattertal katika jimbo la Valais, ambako hakuna njia ya kupita ila kwa kuvuka barafu. Wenyeji wanasema Kijerumani cha milimani. Valais ni jimbo kavu, na wakulima wake walichonga mifereji kwenye kingo za majabali kuleta maji ya barafu mashambani, wakigawana zamu kwa saa. Aliyewahi kuona mifongo ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro atauelewa mfumo huo bila kuelezwa mara mbili: maji ni ya wote, zamu ni sheria, na anayeharibu mfereji amewakosea majirani wote.

Davos, mita 1,560, ni bonde pana na la wazi. Walowezi wa Kiwalser, watu wa milimani wenye asili ya Valais, walifika mwishoni mwa karne ya 13, na hati yao ya kumiliki ardhi ni ya mwaka 1289. Walijenga nyumba zilizotawanyika, kila mtu na shamba lake. Mwaka 1436 ndipo ulipoundwa hapa muungano wa mabaraza kumi ya kujitawala. Mgeni anayedhani Davos ilizaliwa na mikutano ya uchumi ya matajiri wa dunia inayofanyika hapo kila Januari amechelewa karne kadhaa.

Nani alileta wageni

Kwa Chamonix, mlima wenyewe ndio ulioita. Mwaka 1741 Waingereza wawili, Windham na Pococke, walipanda kuiona Mer de Glace, mto wa barafu ulio juu ya kijiji, na habari zao zikaenea Ulaya. Mwaka 1760 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kufika kilele cha Mont Blanc. Ilichukua miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786 mchimba kristali Jacques Balmat na daktari wa kijiji Michel-Gabriel Paccard walifika. Simama katikati ya mji uione sanamu ya 1887: Balmat anamwonyesha Saussure kilele kwa kidole. Paccard hayupo. Alipata sanamu yake mwaka 1986, miaka 200 baada ya kupanda, kwa sababu kwa muda mrefu sifa zote zilikuwa zimepewa mwenzake. Atazame zote mbili siku moja mtu anayetaka kujua historia ya mlima huandikwaje.

Mwaka 1820 waongozaji watatu walifunikwa na theluji wakiwa na msafara wa kwenda kileleni. Mwaka uliofuata wenzao waliunda Compagnie des Guides, chama chenye kanuni za zamu, ili kazi isiende kwa wanaojuana na wakubwa peke yao, pamoja na mfuko wa kusaidia familia. Chama hicho kipo mpaka leo. Barafu ilianza kuwarudisha wale watatu mwaka 1861, kwenye mdomo wa barafu ya Bossons: vipande vya nguo, vifaa na viungo vya mwili, baada ya miaka 41. Hivyo ndivyo watu wa bonde walivyopata kipimo cha mwendo wa barafu, wakijua pia majina ya waliobebwa nayo.

Zermatt ilihitaji mtu wa kutoka nje. Mwishoni mwa miaka ya 1830 daktari wa kijiji alikuwa na nyumba ndogo ya wageni yenye vitanda vichache. Alexander Seiler, mtengenezaji wa sabuni na mishumaa kutoka sehemu nyingine ya Valais, aliikodi miaka ya 1850 na kuifanya Hotel Monte Rosa, ambayo bado ipo kwenye barabara kuu. Tarehe 14 Julai 1865 Edward Whymper na wenzake sita walifika kilele cha Matterhorn, mlima ulio juu ya Zermatt, mita 4,478, kwa mara ya kwanza. Wakati wa kushuka kamba ilikatika, wanne wakafa. Msiba huo uliandikwa magazetini kote Ulaya, na badala ya kuwafukuza wageni ukawaleta kwa wingi.

Seiler alinunua, akajenga, akatajirika, kisha akaomba uraia wa kijiji. Hapa ndipo historia ya Zermatt inapokolea. Wenyeji wa asili walikuwa na jumuiya yao, Burgergemeinde, iliyomiliki misitu, malisho na milima. Kumpa Seiler uraia maana yake ilikuwa kumpa fungu katika ardhi ya mababu, naye tayari alikuwa tajiri kuliko kijiji kizima. Wakakataa. Kesi ilianza 1871, ikamalizika 1889 kwa amri kutoka serikali kuu. Katikati ya ugomvi huo wanakijiji walijenga hoteli yao kubwa kwa kazi ya pamoja, kila nyumba ikitoa nguvu: Zermatterhof, iliyofunguliwa 1879. Bado ni mali ya jumuiya, kama zilivyo hoteli nyingine na hisa kwenye njia za kupanda mlimani. Mtu wa kwetu aliyewahi kuona ardhi ya kijiji ikienda kwa mwekezaji atafaidika na bonde hili kuliko mengine mawili.

Davos ilianza na mkimbizi. Alexander Spengler wa Mannheim, aliyetoroka baada ya mapinduzi ya 1848 na 1849 kushindwa Ujerumani, alisomea udaktari Zürich na kupewa kazi ya daktari wa bonde mwaka 1853. Aliona kwamba kifua kikuu kilikuwa nadra miongoni mwa wenyeji. Tarehe 8 Februari 1865 wagonjwa wawili, Hugo Richter na Friedrich Unger, waliwasili kwa sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, katikati ya baridi kali, wakati madaktari wengi walishauri wagonjwa waende nchi zenye joto. Walipata nafuu, wakabaki. Mholanzi Willem Jan Holsboer aliungana na Spengler kujenga nyumba ya tiba mwaka 1868, kisha akasukuma reli kutoka Landquart ikafika Davos mwaka 1890. Wazo la hewa ya mlimani kwa kifua kikuu lilifika hadi kwetu: hospitali ya Kibong'oto, upande wa Siha kwenye Kilimanjaro, ilianza miaka ya 1920 kwa kazi hiyo hiyo.

Tiba yenyewe ilikuwa kulala. Mgonjwa alilazwa kwenye kiti kirefu cha barazani, amefunikwa mablanketi, saa nyingi kwa siku, hata theluji ikianguka. Mfukoni alibeba kichupa cha kioo cha bluu chenye kifuniko, alichokiita Heinrich wa bluu, cha kutemea makohozi asiyamwage njiani. Ukitembea Davos leo, angalia baraza za majengo ya zamani zinazotazama kusini na paa zilizo bapa. Zilijengwa kwa ajili ya viti vile.

Skii zilivyoingia

Tobias Branger na nduguye walipata skii za Kinorwe huko Davos, wakajifundisha bila mwalimu, na mwaka 1893 walivuka mlima hadi kijiji cha Arosa. Mwaka uliofuata walimvusha mwandishi Arthur Conan Doyle, ambaye mkewe alikuwa akitibiwa hapo, naye akawaandikia Waingereza habari zake. Desemba 1934 kilima cha Bolgen, Davos, kilipata mashine ya Ernst Constam ya kuvuta watelezaji kwa kamba. Inafaa kujua inavyofanya kazi, kwa sababu bado utaikuta kila mahali: fimbo huning'inia kutoka kwenye kamba inayozunguka, unaiweka nyuma ya makalio, nayo inakusukuma ukiwa umesimama. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuikalia. Fimbo ina springi, inashuka, unaanguka, na foleni yote nyuma inasimama. Nyosha miguu, tazama mbele, acha skii ziteleze zenyewe.

Huko Chamonix alikuwa daktari Michel Payot, aliyetumia skii kuwafikia wagonjwa wake. Januari 1903 yeye na waongozaji walivuka kwa skii kutoka Chamonix hadi Zermatt, njia ambayo leo watu huilipia wiki nzima. Mwaka 1924, kuanzia 25 Januari hadi 5 Februari, mataifa 16 yalishindana hapa katika kile kilichotambuliwa baadaye kuwa Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Wengi hawajui kwamba hapakuwa na mbio za kushuka mteremko. Skii za wakati huo zilikuwa za kwenda mbali na kuruka. Kushuka kuliingia Olimpiki mwaka 1936.

Zermatt ilichelewa kwa sababu ya reli. Treni ya kutoka Visp, iliyofika 1891, ilisimama kila baridi kwa hofu ya maporomoko ya theluji. Baridi ya 1927 kuingia 1928 Hermann Seiler, wa familia ile ile ya Seiler, alifungua hoteli kwa Waingereza karibu 180. Treni iliishia St. Niklaus, safari iliyobaki wakaimaliza kwa sleji. Mapaa ya kukinga reli yakajengwa, na kuanzia 1933 treni ikaenda mwaka mzima. Bila mapaa hayo kusingekuwa na skii Zermatt za kuzungumziwa.

Gharama

Chamonix imelipa kwa magari na theluji. Handaki la Mont Blanc, kilomita 11.6, lilifunguliwa 1965 na kuligeuza bonde kuwa njia ya malori kwenda Italia. Machi 1999 moto ulizuka ndani yake ukaua watu 39, handaki likafungwa miaka mitatu. Mwezi mmoja kabla, maporomoko ya theluji yaliua watu 12 kwenye nyumba za Montroc, juu ya bonde. Barafu nayo inaondoka. Kituo cha gari la nyaya kilichojengwa miaka ya 1980 huko Montenvers, juu ya Mer de Glace, kilikuwa karibu na pango la barafu. Ngazi ziliongezwa mwaka hadi mwaka mpaka zikapita 500, na mwaka 2024 likafunguliwa gari jipya mbele zaidi.

Zermatt ilipata homa ya matumbo mwaka 1963 kutokana na maji machafu: zaidi ya watu 400 waliugua, watatu wakafa, na msimu ukavunjika. Mwaka 1991 jabali liliporomoka Randa, chini kidogo ya Zermatt, likafukia reli na kuziba mto. Januari 2018 theluji ilifunga njia na wageni kama 13,000 wakakwama.

Davos ilipoteza kazi yake yote mara moja. Streptomycin, dawa ya kifua kikuu, iligunduliwa 1943, na dawa zilipoenea baada ya vita, wagonjwa wakaisha. Nyumba za tiba zikawa hoteli, au hospitali za pumu na mzio. Lakini bonde lilikuwa limeshapata kazi nyingine: tangu 1936 watafiti walipima theluji kwenye kibanda cha Weissfluhjoch, na taasisi iliyotokana nao ndiyo inayotoa taarifa za hatari ya maporomoko kwa Uswisi yote. Hatari hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5. Watu wengi hudhani 3 ni wastani tu. Ni ngazi ambayo vifo vingi hutokea, kwa sababu mlima unaonekana mtulivu na watu wanatoka.

Kufika na kuona

Ufaransa na Uswisi zote zimo katika eneo la Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo viza moja inatosha. Iombe ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Pesa ni yuro Chamonix na faranga za Uswisi kwingine, na Uswisi chakula kitakula bajeti kuliko kitanda usipojipikia.

Chamonix ni rahisi kutoka Geneva kwa basi, kama saa moja na nusu. Aiguille du Midi, gari la nyaya la 1955, hukutoa mita 1,035 hadi 3,777 kwa dakika kama 20. Hapo ndipo watu huharibikiwa: kichwa kinauma, ngazi chache zinamaliza pumzi. Panda na magari ya kwanza ya asubuhi kabla mawingu hayajapanda, pumzika kituo cha kati, tembea polepole, vaa koti zito hata Julai. Watoto wachanga usiwapandishe. Kwa siku ya mawingu, reli ya Montenvers, yenye meno ya kushika mteremko, inatosha.

Zermatt haipokei magari ya kawaida. Unaacha gari Täsch na kupanda treni ya dakika kama 12, au unakuja na treni tangu Visp kwa zaidi kidogo ya saa moja. Reli ya Gornergrat, ya mwaka 1898 na ya umeme tangu siku ya kwanza, inafika mita 3,089. Kadi ya nusu nauli ya reli za Uswisi inakata bei yake kwa nusu, hivyo inunue kabla. Mtaa wa Hinterdorf ni bure: maghala ya mbao nyeusi yaliyosimama juu ya miguu, na kwenye kila mguu jiwe bapa la mviringo. Panya akipanda anafika chini ya jiwe na hawezi kugeuka. Makumbusho ya Matterhorn yana kipande cha kamba iliyokatika 1865. Ni nyembamba kuliko unavyotarajia. Makaburini utakuta kaburi la Michel Croz, mwongozaji wa Chamonix aliyekufa siku hiyo. Whymper, aliyenusurika, amezikwa Chamonix.

Davos ni kama saa mbili na nusu kutoka Zürich, ukibadili treni Landquart. Kosa la kawaida ni kusahau kwamba kuna vituo viwili, Dorf na Platz, vyenye zaidi ya kilomita mbili kati yake. Reli ya Parsenn, ya kupanda kwenye miteremko ya skii, inaanzia Dorf, ya Schatzalp inaanzia Platz. Schatzalp, nyumba ya tiba ya 1900, sasa ni hoteli, na unaweza kunywa chai barazani walipolala wagonjwa. Makumbusho ya mchoraji Ernst Ludwig Kirchner, aliyeishi Davos hadi alipofariki 1938, yako katikati.

Kwa mabonde yote matatu, epuka mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Juni, na Oktoba hadi mwanzo wa Desemba: nyaya ziko kwenye ukaguzi na milango mingi imefungwa.

Uchague lipi

Una siku mbili tu na unatua Geneva: nenda Chamonix. Ndiyo iliyo karibu, na sanamu, makaburi na Montenvers unaviona kwa miguu na tiketi moja ya reli.

Una watoto wadogo au wazazi wasiopenda kelele za magari: Zermatt, ukikubali bei yake. Gornergrat hupanda taratibu kuliko Aiguille du Midi, na anayejisikia vibaya anashuka kituo chochote njiani.

Unafanya kazi ya afya, au unafuatilia historia ya magonjwa: Davos, na lala angalau usiku mmoja uone jua la asubuhi likigonga zile baraza. Usiende wiki ya mkutano wa uchumi wa Januari, vyumba havipatikani.

Umetoka kwenye kijiji cha mlimani na unajiuliza ardhi ya pamoja inadumuje utalii ukiingia: Zermatt. Unaongoza wageni au kubeba mizigo Kilimanjaro, au unao ndugu wanaofanya hivyo: Chamonix, uulize ofisi ya waongozaji namna zamu na mfuko wa familia vinavyoendeshwa.

Una siku tano: unganisha Chamonix na Zermatt kwa treni kupitia Vallorcine, Martigny na Visp, karibu nusu siku. Una wiki: ongeza Davos kwa Glacier Express kutoka Zermatt, ukibadili treni Filisur, na lipia kiti mapema, kwa sababu treni hiyo haikupokei bila nafasi iliyowekwa.